Semina ya walimu wa Kiingereza Dar kwa nauli yangu mwenyewe, niende au niache?

Ticha wa Rungwe

Habarini za jioni walimu, wakubwa zangu shikamooni. Naomba mawazo yenu mana hili jambo niko nalo tangu juzi na silali vizuri. Nafundisha Kiingereza sekondari ya kata huku Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu mjini, mwaka wa sita huu, kidato cha kwanza na cha pili, mkondo mmoja una wanafunzi 74 mwingine 68, vipindi 24 kwa wiki. Sasa kuna mwenzangu tuliyesoma nae chuo kanitumia tangazo la mkutano wa walimu wa Kiingereza, siku mbili, Dar, likizo ya mwezi wa sita. Kiingilio laki na nusu. Nauli ya basi kwenda na kurudi weka laki na ishirini, gesti siku tatu elfu tisini, bado kula na daladala, yani laki nne inaondoka na haitoki kwa mtu mwingine, ni mshahara wangu ambao tayari una makato ya bodi ya mikopo. Mkuu wa shule kaniambia ruhusa nitapata ila hela hakuna, na namuelewa kabisa, ruzuku inayoingia haitoshi hata karatasi za mitihani.

Hamu ya kwenda ninayo, tena kubwa. Tangu nimeajiriwa sijawahi kukaa na walimu wa Kiingereza wa shule nyingine tukaongelea kufundisha, tunaonana kwenye kusahihisha mock tu na pale kila mtu anakimbizana na bando lake la karatasi. Shuleni tuko wawili wa somo na mwenzangu ana historia pia. Watoto wamesoma kila kitu kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, wakifika kidato cha kwanza baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, wakikwama wananiangalia mimi, na walimu wa masomo mengine nao wananiangalia mimi. Juzi nilimsimamisha binti mmoja asome aya ya mistari minne. Akasoma yote vizuri, hata koma anaziheshimu. Nikamuuliza mwanangu hii aya inahusu nini, akanyamaza, macho yakajaa machozi. Nikamwambia kaa. Hapo ndo nilipoona kwamba kusoma kwa sauti nawafundisha ila kuelewa na kuongea kuna vitu mimi mwenyewe sijavijua.

Ila nilishaumia mara moja. 2022 nililipa elfu themanini semina moja hapa hapa Mbeya mjini, waandaaji siwataji, tukakaa ukumbini tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni mtu mmoja anasoma slaidi neno kwa neno, jioni tukagawiwa vyeti, changu jina la baba limekosewa, na jumatatu niliingia darasani sina hata kitu kimoja kipya cha kufanya. Kwahiyo naogopa. Aliyewahi kwenda mikutano hii anisaidie, inafaa? Na nitajuaje kama ni ya kweli?

Mjasiri_Vwawa

Hata kama ni likizo chukua ruhusa ya maandishi, usiende na ya mdomo. Na hiyo linki ya tangazo nitumie na mimi nione.

Mnyalu wa Kilolo

Kamwene mwalimu. Mimi nimeenda mikutano mitatu ya aina hii, miwili ilinisaidia mmoja ulinipotezea muda kama wako, kwahiyo naongea nilichokiona.

Kabla hujalipa waandikie waandaaji waombe ratiba. Siyo tangazo, namaanisha ratiba yenyewe yenye majina ya mada na nani anaendesha. Mkutano wa kweli wa walimu unaanza miezi kadhaa kabla, wanaita mada, mwalimu anatuma muhtasari wa anachotaka kuonyesha, watu wanausoma wanakubali au wanakataa. Ukiona tangazo lina picha kubwa ya mgeni rasmi na namba ya kulipia lakini mada hakuna, hapo simama. Ukiona wanaahidi kila atakayekuja atapata cheti cha ubora, simama pia. Na angalia nyuma yao kuna nani, mana hapa nchini tuna chama chetu cha walimu wa Kiingereza, TELTA, na kwa Afrika nzima kuna Africa ELTA, zamani ikiitwa Africa TESOL, inayounganisha vyama vya nchi mbalimbali, kwahiyo mtu akikwambia ni mkutano wa walimu wa Kiingereza wa kimataifa alafu chama chochote cha walimu hakimjui, jiulize.

La pili, angalia kama kuna warsha za kufanya kwa mikono au ni hotuba tu. Mkutano wa kwanza niliokwenda kitu kilichonilipa nauli yangu kilichukua dakika arobaini, dada mmoja anafundisha shule ya kijijini alitufanya sisi wenyewe tuwe wanafunzi. Wao wanaita running dictation, mimi watoto wangu nawaambia imla ya kukimbia. Unaandika habari fupi kwenye karatasi ya manila, sentensi sita au saba, unaibandika nje ya darasa ukutani. Ndani watoto wako kwenye makundi, mmoja anatoka anasoma sentensi, anaibeba kichwani, anarudi anamnong'oneza mwandishi, mwandishi anaandika. Sentensi inayofuata anatoka mwingine. Kupiga kelele mlangoni hairuhusiwi. Wakimaliza unaleta ile manila ndani wanalinganisha neno kwa neno na kuzungushia duara walipotofautiana, na hapo ndo kazi yenyewe ilipo, mana wanaanza kubishana kwanini pale kuna s na hapa hakuna, na wanabishana juu ya lugha! Mtoto mmoja ndani ya dakika ishirini amesoma, amekumbuka, amesema, amesikiliza na ameandika. Haitaki umeme wala projekta. Nina darasa la watoto 80 na inafanyika.

Ila kosa langu la mwanzo nikwambie usilirudie, habari niliitoa kitabuni, ilikuwa ya mtu anapanda treni ya chini ya ardhi London. Walikimbia vizuri, wakaandika vizuri, hakuna aliyejua ni nini kinaendelea mule. Andika habari yako mwenyewe ya huko huko kwenu.

Chaki Nyeupe

Mimi ningeacha. Laki nne kwa mwalimu ni nyingi mno na serikali tayari ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Yani mafunzo kazini ni haki yetu tukiwa kazini, siyo mtu ajichange. Tukizoea kujilipia ndo itakuwa sheria.

Madam Mafinga

Chaki Nyeupe nakuunga mkono kwamba ni haki, ila ngoja niseme jambo kuhusu MEWAKA mana watu tunaitaja bila kuitumia. Mwongozo wa kitaifa ulitoka 2020 na unasema mafunzo yaanzie shuleni, walimu mnakaa kwenye jumuiya ya ujifunzaji, mnachagua tatizo la kwenu, mwezeshaji ni mmoja wenu, moduli zipo TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na kuna vituo vya walimu kwenye kata mnaweza kukutana shule na shule. Haisubiri mgeni kutoka juu. Kwetu mwaka wa kwanza tulikuwa tunafanya ya kujaza daftari la mahudhurio tu, mwalimu anasaini anaondoka. Nakiri hilo. Kilichobadilisha ni mwalimu mmoja wa darasa la kwanza aliyesimama akasema jamani mimi Kiingereza sijakiongea tangu chuo na sasa mtaala mpya unanitaka nikifundishe kuanzia darasa la kwanza, nisaidieni. Ukumbi ukawa kimya. Kumbe tulikuwa tisa wenye shida hiyo hiyo tunafichana.

Sa hivi tunakutana jumatano saa nane na nusu, dakika hamsini. Tunachukua somo moja la wiki inayokuja, mmoja analifundisha mbele yetu sisi tukiwa watoto, alafu tunarekebisha. Matamshi ndo tumekaa nayo sana mana mdomo wetu wa Kiswahili una irabu tano na Kiingereza kina nyingi kuliko hapo, ship na sheep kwetu ni neno moja, na kama mwalimu hazitofautishi mtoto atazitofautishaje. Tunasikiliza sauti kwenye simu, tunarudia mpaka tunacheka, alafu tunarudia tena. Mwalimu yule wa darasa la kwanza leo anaimba na watoto wake dirisha liko wazi na tunamsikia ofisini.

Kwahiyo ticha wa Rungwe, ninyi wawili na shule ya jirani mnatosha kuanza.

Chaki Nyeupe

Madam hapo umesema la kweli. Shuleni kwetu bado tuko kwenye hiyo hatua ya kusaini na kuondoka, na mimi ni mmoja wa wanaosaini na kuondoka. Nitalipeleka.

Mstaafu Uyole

Marahaba wanangu. Nimesoma yote nikaona niseme kidogo mana nimekaa na chaki miaka 36.

Nilipoanza kazi mjadala ulikuwa huu huu. 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza kwenye mashule yetu na vyuo wakakuta hali ni mbaya, wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kusomea lugha ile. Baada yake ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ELTSP, kwa msaada wa Waingereza, mwaka 1987. Nilikuwa kijana. Semina zake zilikuwa nzuri, na zaidi ya semina kulikuwa na vitabu vya hadithi vyepesi, mtoto anachukua anasoma mwenyewe anarudisha anachukua kingine. Shuleni nilipokuwa vilifanya kazi kubwa, nilikuwa na mvulana wa Kyela aliyemaliza kasha zima kwa muhula mmoja. Mradi ulipokwisha vitabu vikafungiwa kabatini visiibiwe, na nilipohama niliviacha humo humo kabatini, vimefungwa kamba. Hilo linaniuma mpaka leo, mana ufunguo nilikuwa nao mimi na ningeweza kufungua.

Kuhusu mikutano. Ile mikubwa ya dunia ni ya vyama viwili vya walimu wa Kiingereza, TESOL ya Marekani iliyoanzishwa 1966 na IATEFL ya Uingereza ya 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha kwahiyo sikusahau. IATEFL wanakutana kila mwaka mji tofauti, 2024 ilikuwa Brighton, 2025 Edinburgh. Kwenda kwa mshahara wetu haiwezekani, viza peke yake inakutoa jasho, na mtumishi wa umma akitoka nje ya nchi lazima awe na kibali kupitia kwa mwajiri. Lakini kuna ufadhili unaombwa. Bwana Hornby, yule wa kamusi ya wanafunzi, aliacha mfuko alioanzisha 1961 na unawafadhili walimu wa nchi kama zetu, wengine kwenda kwenye mkutano huo, wengine kusoma shahada ya pili Uingereza. Wanaangalia unachokifanya darasani, kwahiyo anza kuweka kumbukumbu zako sasa, andika kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Wakati unangoja hayo, webina, yani semina za mtandaoni, ziko bure. British Council wana ukurasa wao wa TeachingEnglish, kuna mafunzo na rekodi za zamani, IATEFL nao wana za kwao, na kuna ile ya wiki tano kila Januari na Februari, Electronic Village Online, haina kiingilio hata senti. Shida yake inaangukia shule zinafungua, ila ukichagua mada moja tu unaimudu. Jambo moja la saa nililiangalia kwa ajili yenu mana lilinipotezea webina mbili. Waingereza wanabadilisha saa jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Kwa hiyo wakati wa kiangazi chao wako nyuma yetu saa mbili, wakati wa baridi yao saa tatu. Wakisema saa kumi jioni ya kwao mwezi wa saba, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, mwezi wa kwanza ni saa moja usiku. Na kwa bando, zima video usikilize sauti tu, alafu omba karatasi za mada baadae, wengi wanazituma. Tukuyu mvua ikianza na umeme ukikata usihangaike, rekodi inabaki.

Laki nne ni zako mwanangu, wewe ndo unajua nyumbani kuna nini. Ila kitu usichokiacha ni kukutana na walimu wenzako ana kwa ana. Mimi miaka 36 nilikutana nao wachache mno.

Binti Makambako

Naomba kuuliza hiyo imla ya kukimbia, kwenye darasa ambalo madawati yamebanana hata njia ya kupita hakuna mnafanyaje?

Mnyalu wa Kilolo

Wanaoandika wakalishe nje kwenye nyasi, manila bandika ndani. Ni kugeuza tu. Mwezi wa saba kwetu baridi inawapeleka juani wenyewe.

Ticha wa Rungwe

Walimu wangu ndaga fijo, asanteni sana, nimekaa kimya siku kumi na moja mana nilitaka nirudi na kitu.

Kwanza niliwaandikia waandaaji nikaomba ratiba kama Mnyalu alivyosema. Siku tatu hawakujibu, ya nne wakanitumia tena lile tangazo na kunikumbusha tarehe ya mwisho ya kulipa. Nikauliza mada zinaendeshwa na nani, wakasema nitajua nikifika. Nimeacha. Roho iliniuma kidogo mana nilishaanza kujiona niko Dar, ila nimeacha.

Pili, imla nimeifanya alhamisi na kidato cha pili, wale 74. Niliwapanga makundi kumi na mawili, sita sita, mawili yakawa na saba. Habari niliandika mwenyewe, ya mama mmoja wa Katumba anachuma chai, sentensi saba, manila nne nikazibandika kwa selotepu ukuta wa nje upande ambao mvua haipigi. Dakika tano za kwanza nilidhani nimeharibu, mana vumbi, vicheko, mwalimu wa hesabu darasa la jirani akatoa kichwa dirishani. Alafu wakatulia wenyewe walivyogundua anayekimbia sana anasahau njiani.

Yule binti aliyenyamaza siku ile alitoka kwa sentensi ya nne. Sentensi ilikuwa My mother has picked tea since 2009. Akaja akanong'ona, mwandishi akaandika my mother is pick tea, binti akasema hapana, siyo is, akarudi nje kuhakikisha. Akarudi tena, has, akashika kalamu ya mwenzake akaonyesha kwa kidole. Mara ya tatu akatoka kwa ajili ya hiyo since tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikumsemesha. Mwisho, kabla ya kulinganisha, nikauliza kila kundi huyu mama ana shida gani, na yeye ndo alisimama, akasema Mother is tired but she is pay school. Nimeiandika kwenye daftari kama mzee wa Uyole alivyosema, na tarehe nimeweka. Kosa lake la is pay nitalishughulikia jumatatu, siku ile sikuligusa.

Tatu, nimeongea na walimu wa shule tatu za jirani, wawili nilikuwa nawajua kwa sura tu kwenye mock. Tumekubaliana jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne mpaka saa saba, darasani kwangu, mkuu kakubali na kaahidi chai. Kiingilio ni daftari moja la mwanafunzi wako ambalo hujui ulifanye nini, na somo moja utakalolifundisha sisi tukiwa watoto. Ya kwanza ni jumamosi hii. Mnyalu najua Kilolo ni mbali, naomba tukupigie video ile saa ya imla uwaelekeze wenzangu. Mjasiri karibu, ukilala Mbeya ijumaa unawahi. Na mzee wangu shikamoo tena, kama afya inaruhusu tunaomba uje, tuna hamu ya kusikia vile vitabu vilivyokuwa vinaazimwa maana maktaba yetu ina kabati na nimekuta humo hadithi fupi fupi 31, mhasibu anasema hajawahi kuona limefunguliwa.

Mnyalu wa Kilolo

Saa nne na nusu nipigie, nitakuwa kwenye mtandao mzuri. Mwambie atakayeshika simu asimame karibu na ukuta wa manila nione wanavyosoma.

Mjasiri_Vwawa

Nakuja, na daftari la mtoto ninalo, anaandika kurasa mbili bila nukta hata moja.

Mstaafu Uyole

Marahaba mwanangu. Nitapanda Coaster ya Kyela saa moja asubuhi hapa Uyole, nishushwe Tukuyu stendi, nani atanipokea? Hilo kabati msilifunge mpaka nifike. Na mniwekee kiti karibu na dirisha, macho yangu yanataka mwanga.